Safari ya Kamembe Niliyomnyima Mama

Watu wakiona picha zile kwenye simu yangu huniambia, "Ulipendeza kweli siku ile." Ni kweli, nilipendeza. Nilikuwa na kitenge kipya, nywele za kununua, na viatu vilivyonichubua visigino tangu asubuhi. Nyingi nimeshazifuta. Zimebaki tatu, na hizo tatu sijui kwa nini siziondoi, maana kila nikiziona natamani kuitupa simu chooni.

Tulikuwa wanawake saba wa kwaya ya kanisa letu hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Mkubwa wetu tulimwita Yaya, jina tunalompa dada mkubwa kwetu Kongo. Yaya huuza vitenge, na miaka ile alikuwa akienda kuvichukua Kigali na Kamembe, huko Rwanda. Siku moja baada ya mazoezi akatuchoka.

"Kila safari ni 'Yaya niletee kile, Yaya niletee hiki.' Miye punda yenu? Mukuje muone wenyewe."

Basi tukapanga. Siku nne: Kigali tutembee na kununua, Kamembe tutembee na kununua, turudi. Karatasi za kuvukia mpaka alitutafutia yeye. Namna alivyozipata sikuuliza, na sasa hivi pia siulizi.

Kamembe, kwa asiyepajua, ni mji unaotazamana na Bukavu. Katikati kuna mto na kipande cha ziwa, basi. Ukisimama upande wa Rwanda unaiona Bukavu imepanda vilima vyake, nyumba juu ya nyumba, hadi mabati unaweza kuyahesabu. Sisi kwetu ni Bukavu. Tulikimbia mimi nikiwa darasa la tano, na baba alikuwa hajamaliza mwaka kaburini. Alizikwa kwenye kilima cha makaburi upande wa mto, na mama aliondoka bila hata kujengea lile kaburi saruji. Hilo amelisema mbele yangu labda mara mbili katika maisha yake. Mama si mtu wa kusema.

Aliposikia neno Kamembe aliacha kupepeta maharage.

"Kamembe ya kwetu pale?"

"Kuna Kamembe ngapi, mama?"

"Basi na miye naenda."

Nikacheka. Nilidhani anatania. Akaweka ungo chini.

"Sina kitu ya kununua. Nitasimama tu pale, nione ile kilima ya baba yako, nirudi. Hata sitakula chakula yenu." Akagusa shavu chini ya jicho la kulia. "Hii moja ingali inaona. Ile ingine ilishaenda. Nisimame nayo pale kabla nayo haiyafunga."

Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe kama limedondoshewa maziwa. La kulia lilikuwa limeanza kumsumbua. Alikuwa akiona taa ina duara. Nilijua. Ni mimi niliyekuwa namwekea uzi kwenye sindano. Kwa hiyo msinitetee kwamba sikujua.

Na kiti kilikuwepo. Gari tulilokodi lilikuwa na nafasi ya mtu wa nane, na Yaya mwenyewe alisema, "Mulete mama, akae mbele kwa dereva."

Nitasema kwa nini nilikataa, na nitasema bila kupaka mafuta. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na mtoto wa miezi kumi na moja. Baba wa mtoto huyo alikwenda Kampala kutafuta kazi akapata mke. Nilikuwa nimemaliza sekondari na cheti changu kiko kwenye mfuko chini ya godoro, kinanisaidia kuinua godoro. Nilitaka siku nne ambazo sitakuwa mama wa mtu wala mtoto wa mtu. Nilitaka kutembea barabarani mikono mitupu. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu: nilijua mama akiona kilima kile atalia. Atalia kwa sauti, kama wanavyolia wazee wetu, atakaa chini barabarani, na wale wenzangu itabidi wamshike, na hakuna atakayepiga picha. Niliogopa kuharibiwa picha.

Sikumwambia hayo. Nilimdanganya kwa kidole chake.

Hapa kambini kila familia ina karatasi moja, na karatasi ina kichwa. Kwetu kichwa ni mama. Siku ya mgao yeye ndiye anayepanga foleni na kuweka kidole kwenye mashine, mashine ikimtambua tunapata chakula. Kidole changu hakina kazi hapo, hata nikikipiga msasa. Mama anakiogopa kidole chake. Msimu wa kulima anakifunga kitambaa ili jembe lisikikwaruze, maana kuna mzee wa Burundi, jirani yetu wa nyuma, mashine ilimkataa kwa sababu ya ngozi kuchakaa na alihangaika ofisini muda mrefu. Ukikosekana siku ya mgao wanakuandika hayupo. Ukiandikwa hivyo mara kadhaa unaanza kusikia maneno ya kufutwa.

Tangazo la mgao lilikuwa tayari limebandikwa ubaoni. Nilikuwa nimelisoma kwa macho yangu: kijiji chetu ni Alhamisi ya wiki inayofuata. Sisi tungekuwa tumerudi tangu Jumapili. Mama hajui kusoma.

"Mama," nikamwambia, "tarehe haijatoka. Banaweza kuita siku yoyote wiki hii. Ukienda, kidole tutakitoa wapi?"

Akakitazama. Akakisugua na dole gumba.

"Kweli," akasema. "Watoto watakula nini."

Watoto wenyewe ni mtoto wangu. Akarudi kwenye maharage yake. Asubuhi ya safari nilimwachia huyo mtoto pamoja na unga wa uji, na akanifungia mkate wa kula njiani.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Ningeipata mbaya ningekuwa na la kumwambia Mungu. Mbarara tulikunywa chai, tukapita Kabale kwenye baridi, na mpakani askari wakatunyang'anya mifuko yote ya nailoni kwa sababu Rwanda hawaitaki, kwa hiyo tuliingia nchi ya watu tumekumbatia nguo zetu za ndani mikononi. Tulicheka mpaka dereva akasimamisha gari. Kigali tulipanda pikipiki na kofia ngumu vichwani, mmoja wetu akakataa kuvua yake hata aliposhuka, anasema inampendeza. Sokoni nilinunua nywele, viatu, na gauni la mtoto ambalo lilikuwa kubwa na sasa ni dogo. Kutoka Kigali kwenda Kamembe barabara inakata msitu mkubwa. Nyani wamekaa kando kama wanasubiri kulipwa ushuru.

"Tazama shemeji zako wale," Yaya aliniambia.

"Yule wa mwisho ndiye baba wa mtoto wangu," nikajibu. "Mwiteni alipe."

Tulifika Kamembe asubuhi ya siku ya tatu, hewa safi imeoshwa na mvua. Yaya alitupeleka mahali barabara inapoinama kuelekea mtoni, gari likasimama. Mwenzetu mmoja mwembamba, mwimbaji wa sauti ya juu, alishuka akavua kandambili, akasimama peku akitazama ng'ambo, midomo inakwenda. Yaya aliinua mkono.

"Ile fasi ya miti mingi, ndiyo makaburi. Weye baba yako si alilazwa pale?"

"Pale pale," nikasema.

Nilisema hivyo nikiwa nimepageuzia mgongo. Nilikuwa nimeshampa mwenzangu simu, nimeshajipanga, kiuno huku, kitenge huku. "Chukua kuanzia kiatu," nikamwambia. "Chukua na video." Akachukua. Nikazunguka kidogo, nikatupa nywele, nikacheka. Halafu jua likaanza kuumiza macho, na Yaya akasema soko linafunguliwa, twende kabla wengine hawajachagua. Tukaenda. Nikanunua sambaza, dagaa wa ziwa lile, kilo nzima, kwa ajili ya mama. Nilijiona mtoto mwema.

Nilirudi Jumapili jioni. Mama alikuwa anaanua nepi. Mtoto alitambaa kunikimbia, akajificha kwenye sketi yake. Mama alinusa wale sambaza muda mrefu kabla ya kuwaweka kwenye sufuria, halafu akafuta mikono vizuri na kukaa kwenye kigoda.

"Nionyeshe sasa."

Nikaiwasha ile video. Akaishika simu akaisogeza hadi karibu na jicho la kulia, karibu kabisa, kope zinagusa kioo. Mimi nikizunguka. Mimi nikitupa nywele. Mimi nikicheka. Nyuma ya bega langu kulikuwa na kitu cha kijani, na kilipotaka kuonekana kichwa changu kilikiziba. Mama aliweka kidole kwenye kioo, kile kile kidole chake, akawa anakisukuma kichwa changu pembeni.

"Toka kidogo," alikiambia. "Toka, mama, nione."

Video ikasimama kwa sababu ameigusa. Nikaiwasha tena. Akasukuma tena. Mara ya tatu akanirudishia simu.

"Ulipendeza," akasema.

Alhamisi alikwenda kwenye mgao, akaweka kidole, akarudi na chakula kichwani. Hakusema neno kuhusu tarehe. Nikajiambia hajagundua. Nikajiambia pia kwamba safari ziko nyingi, mwaka ujao nitampeleka mwenyewe, sisi wawili tu, polepole. Niliamini kabisa. Nilikwishamwambia hata Yaya atushikie nafasi.

Halafu vita vikafika Bukavu. Yaya aliacha kwenda upande ule, akasema hata akilipwa dhahabu haendi, na sasa anachukua vitenge Mbarara kama kila mtu. Mvua za mwaka huu, jicho la kulia likamfungia mama. Halikufunga kwa siku moja. Kwanza alimwaga chai pembeni ya kikombe. Halafu akawa anamwita mtoto wangu wakati mtoto amesimama mbele yake.

Nilimpeleka hospitali Mbarara. Tulipita mji mdogo wa Kabingo asubuhi, akiwa ameshika mkono wangu kwa mikono miwili. Daktari, kijana mpole, alimulika macho yote mawili, akamulika tena, akaniita mimi pembeni kana kwamba mama ni kiziwi. Ule weupe wa kushoto ungeweza kutolewa, alisema, lakini nyuma yake mshipa umekwisha kufa, na wa kulia umekufa vilevile. Dawa atampa, ya kupunguza maumivu. Kuona hakutarudi. Akasema mngemleta mapema. Kila mtu mwenye koti jeupe ana sentensi hiyo mfukoni, na nilitaka kumpiga, ila alikuwa anasema kweli.

Tukakaa kwenye benchi kungoja dawa. Mama mkono wake ulikuwa kwenye paja langu. Nikasema kila kitu. Sikupanga. Nilisema tangazo lilikuwepo ubaoni, nililisoma, ilikuwa Alhamisi ya wiki nyingine, ungeweza kwenda na kurudi.

"Nilijua," akasema mama.

"Ulijua lini?"

"Ile siku mulienda. Gari ilikuwa haiyafika hata Kabingo. Yule mzee wa Burundi wa nyuma alinisomea lile tangazo."

"Sasa mbona haukunitukana? Mbona ulinyamaza?"

"Mutoto alikuwa analia. Nikutukane na simu gani?" Akacheka kidogo kwa pua. Halafu akanigeuzia uso, akaukosea kidogo, akawa anatazama sikio langu. "Bon, basi. Leo niambie. Ile kilima ilikuwa je? Bamejenga juu yake? Bale batu ba manyumba banaingia hata mu makaburi, nilisikia."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta. Niliweza kukumbuka bei ya viatu. Niliweza kukumbuka rangi ya kandambili za yule mwembamba. Ningeweza kumtungia: miti, majani mabichi, msalaba mweupe. Ningemdanganya tena na hakuna mtu duniani angenishika. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu huyo.

"Sikuangalia, mama."

"Haukuangalia?"

"Nilikuwa nimegeuka. Nilikuwa napigwa picha."

Nilingoja anitukane, nilitaka sana, pale mbele ya watu wote, anitukane kwa jina la ukoo. Mkono wake uliondoka kwenye paja langu, ukarudi kwake, akauweka juu ya mwenzake.

Nesi akatoa kichwa dirishani. "Jajja! Wewe bibi wa Nakivale, dawa yako iko tayari. Kuja."

Nikasimama na kumsogezea bega kama nilivyofanya tangu asubuhi. Mama alinyoosha mkono, ukanigusa, ukanijua, ukaniacha. Akapapasa upande wa pili mpaka akaupata ukuta. Tulikwenda hivyo hadi dirishani, yeye na ukuta wake, mimi nyuma.