Ufunguo Uliotupwa Nje

Fundi Nondo, mchomeleaji wa madirisha ya chuma, alijisifu kila siku: "Kwangu hapenyi hata panya!" Mchana mmoja fundi akiwa amejilaza, mwizi akaingia kwa mlango aliousahau wazi. Fundi akaruka, akaufunga, akautupa ufunguo nje kupitia nondo za dirisha.

"Nyumba yangu, nina haki ya kuilinda! Leo umepatikana!"

Mwizi, pande la mtu, akachomoa kisu. "Na wewe je, mzee? Utatokea wapi?"

Fundi akayatazama madirisha aliyoyachomelea kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe angerudi jioni.

"Weka kisu chini, mwanangu," akasema kwa upole. "Tuwaite majirani pamoja. Wewe una sauti nene, anza."