Bushi za Kumpandisha Mama

Mama alivunjika nyonga kwake Mbaga, juu milimani, akiteremka shambani, na mimi ndiye niliyemshusha Same hospitali kwa pikapu yangu. Njia nzima aliuma pindo la kanga. Akafanyiwa upasuaji, akatoka salama, akakaa kwangu. Tangu siku ile ya kwanza akawa na ombi moja tu, arudishwe mlimani.

Same hakuipenda. Joto halimpi usingizi, upepo unamjaza vumbi machoni, na makande yangu alisema yamepikwa na mtu mwenye haraka. Hilo la makande ni kweli. Lakini kilichoninyima raha si malalamiko, ni namna alivyoomba. Hakusema anataka kwenda kuona mbuzi wake wala kuulizia maharage. Alisema anataka akalale kwake. Kliniki aliyopangiwa nayo akaikataa, akasema ya nini, yeye akishafika kwake hashuki tena. Nilimwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Kwetu mtu mzima akiomba hivyo, watoto wanatazamana na hakuna anayeuliza.

Nikawa nimebanwa huku na huku. Kumpandisha ni kama nampeleka akafe. Kumzuia, afie kwangu amenuna. Nilimuuliza daktari nikitumaini atakataa yeye, nisiwe mimi. Akasema anaweza kusafiri, ila asitikisike sana. Nilimtazama yule kijana nikajiuliza kama amewahi kupita barabara ya Mwembe, ile inayopanda kwetu.

Gari lenyewe ni kuukuu, marehemu mume wangu aliniachia, nalibebeshea tangawizi na vitunguu. Lilikuwa linagonga chini, ko, ko, ko, kila tairi likikutana na shimo. Nilijua ni bushi. Kwenye ncha za springi kuna matundu, na ndani ya kila tundu kunakaa kipande cha mpira chenye bomba katikati la kupitisha bolti, ili chuma kisigonge chuma. Hiyo ndiyo bushi. Zangu zilikuwa zimelika mpaka unaweza kuingiza kidole.

Gereji sikupeleka. Mara ya mwisho gari lililala huko wiki nzima, likarudi halina jeki, na fundi ananiambia jeki hakuiona. Nilimsema mpaka watu wakatoka madukani. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Basi nikanunua bushi mpya, nikaazima jeki kwa jirani, nikatandika gunia uani, nikaingia chini ya gari. Enzi za mume wangu yeye ndiye aliyekuwa chini na mimi ndiye wa kumpa spana, kwa hiyo kazi nilikuwa naijua kwa macho.

Mama akaomba kiti chake kiwekwe kivulini, karibu na mimi. Bolti za zamani zilikuwa zimeshikana na kutu. Nilizimwagia mafuta, nikazigonga nyundo, nikazitukana.

"Unamtukana nani, mama?" akaniuliza.

"Bolti."

"Muache. Amezeeka kama mimi."

Sikucheka. Nilizitoa zote, nikakata mipira ya zamani kwa msumeno wa chuma, nikapaka bushi mpya maji ya sabuni zikaingia. Gari likiwa bado limeinuliwa, matairi yananing'inia, nikakaza nati zote kwa nguvu zangu zote, miguu nimeitia ukutani. Nilipotoka pale chini nilikuwa mweusi na nilikuwa najiona mtu.

Kesho yake nikampakia mama mbele na mito pande zote, tujaribu kuzunguka mjini. Halikugonga hata kidogo. Lakini lilikuwa gumu, limesimama juu juu, likipita kwenye tuta linarusha. Kwenye tuta la pili nilimwona ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili na amefumba macho. Mama yangu asiponilaumu ndipo ninapoogopa.

Tulipofika nyumbani, kabla sijamteremsha, akasema polepole, "Basi mama, acha. Nitabaki."

Mtu angesema nimepata nilichotaka. Nilienda jikoni nikalia. Jioni ile hakula, na asubuhi alikunywa chai nusu kikombe akageukia ukutani. Kumbe kumwona anabaki kulikuwa kubaya kuliko kumpandisha.

Nikarudi chini ya gari na hasira zangu, nikitafuta nilichokosea. Nikalegeza nati moja nione kama bolti imekaa sawa. Gari likatoa mlio mdogo likashuka kidogo upande ule. Nikalegeza ya pili, likashuka tena. Nikalala pale kwenye gunia nikiitazama ile springi, na akili ikaja. Nilikuwa nimezikaza matairi yakining'inia, mpira ukabanwa katika mkao ule. Gari lilipotua chini na uzito wake, mpira ukajisokota kama nguo inayokamuliwa, ukawa unavutana na springi muda wote. Zinatakiwa kukazwa gari likiwa chini, limebeba. Mume wangu alikuwa akifanya hivyo miaka yote, na mimi niliyekuwa nikimpa spana sikuwahi kuuliza kwa nini anashusha jeki kabla hajamaliza.

Nilizikagua moja moja kwa tochi. Mpira haukuwa umechanika. Namshukuru Mungu hatukuwa tumekwenda mbali.

Nikalegeza nati zote, nikaweka mawe kwenye matairi, nikaanza kupakia mzigo wa safari, maana huwezi kupanda mlimani mikono mitupu: mchele, sukari, chumvi, sabuni, godoro la mama. Bado gari halikushuka vya kutosha, uzito ulikuwa mdogo. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka, alikuja kuuliza kama tunahama. Nilipomweleza akavua viatu akapanda nyuma.

"Leo unene wangu umepata kazi," akasema, akawaita na wateja wake wawili.

Mama alikuwa anatusikiliza kutoka kitandani. Akagonga dirisha. "Na mimi nipakieni. Mzigo wenyewe si ndio mimi?"

Tukampakia. Nikaingia chini, nikakaza nati moja baada ya nyingine, juu yangu wanawake wanacheka na kuulizana bei ya mchele, na sauti ya mama ikiwa katikati yao. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu avunjike.

Tuliondoka mapema, jua halijawa kali. Nilikwenda taratibu, masikio yote yako chini. Tukapita Mwembe, tukaanza kona, nikawa nasubiri ashike dashibodi. Hakuishika. Alianza kuongea: shamba lile ni la nani, nani ameuza, nani amejenga kwa fujo mpaka amekula njia. Gari lilikuwa linainuka na kushuka taratibu, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani.

Kwake aliteremka na magongo yake, akapokea salamu za majirani, akaingia ndani. Nikashusha mizigo polepole kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa naogopa kuaga. Nilijua nikiingia nitapewa maneno ya mwisho, na sikuwa tayari nayo.

Nilimkuta ameketi kitandani kwake, ameegemea ukuta.

"Ile kliniki ni lini?" akaniuliza.

Nikamtajia tarehe.

"Njoo unichukue siku moja kabla, tusifike madaktari wameshachoka. Na usilete ile mito, inanipa joto."

Nilisimama pale kama mjinga. Nikamwambia, "Mama, si ulisema hushuki tena?"

"Nilisema." Akanyoosha shuka. "Siku ile ulivyonishusha, mwanangu, kila shimo nililisikia kwenye mfupa. Nikajipigia hesabu nikaona safari moja naweza kuivumilia, ya kurudi. Ya pili nisingeiweza. Ningekwambiaje, na gari ndilo hilo ulilonalo?"

Kumbe hakuwa amechoka kuishi. Alikuwa anaogopa gari langu, akaona bora afe kuliko kunitia aibu.

Nilimuaga vizuri, nikamfunikia chai yake. Kisha nikatoka nikasimama nyuma ya pikapu, mahali asipoweza kuniona kutoka dirishani kwake, nikalia mpaka nikatosheka, ndipo nikawasha gari nikashuka zangu Same.