Kitu cha Kuitia Msaada Ziwani

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya umeme hapa Mwanza, akaingia mama mmoja, mchuuzi wa dagaa kutoka Mkolani. Wiki iliyopita mashine ya mtumbwi wake ilizimika katikati ya ziwa, mwanawe aliyekuwa ndani akaelea nao siku nzima bila mtu kujua. Sasa mama alitaka kitu cha kuitia msaada.

Muuzaji akamtolea simu ya mkononi, hizi mpya zilizoingia nchini mwaka jana, nzito kama tofali.

"Ziwani inashika?"

"Huko bado, mama. Inashika hapa mjini."

"Hapa mjini nitazama wapi?"

Muuzaji akaleta redio mbili za mawasiliano, akavuka barabara na moja ili waijaribu. Ile ya mama ikakoroma tu. Muuzaji akachoka, akapaza sauti: "Mama, unanisikia?"

"Vizuri sana!" mama akajibu, redio ameshairudisha kauntani.

Muuzaji aliporudi, mama akaomba filimbi ya refa iliyoning'inia ukutani, akaipuliza palepale. Watu watatu wakaingia mbio kuuliza kuna nini.

"Umeona?" akamwambia muuzaji. "Wamekuja."

Mimi, niliyeitamani ile simu mwaka mzima, nikaomba filimbi ya pili.