Meza ya Ami Salehe na Kiapo cha Bibi

Juzi nilikuwa Ngamiani natafuta vifungo vya gauni, nikawa nimesimama karibu na nyumba moja iliyoacha dirisha wazi. Ndani, mpira ukagonga mpira. Ko! Kikapita kimya kidogo, kisha nikausikia ule mlio wa mpira ukiviringika ndani ya tumbo la meza, ukienda kulala na wenzake. Muuza vifungo alikuwa akiniuliza nataka rangi gani. Masikini, sikumjibu, maana nilikuwa nimeshakwenda zangu mbali, nina umri wa kung'oka meno ya utoto, niko kwenye mkeka wa Bibi.

Mlio ule kwetu ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Ami Salehe, kaka mkubwa wa baba yangu. Wazazi wangu walikuwa kazini Korogwe, mimi nikalelewa na Bibi, mama yao Ami na baba, hapo hapo Ngamiani, katika nyumba ya udongo na chokaa iliyojaa harufu ya nazi na ubani. Ami alikaa chumba cha uani. Mchana alikuwa fundi baiskeli pale barazani, na kwa Tanga fundi baiskeli hakosi kazi. Lakini watu hawakumjua kwa baiskeli. Walimjua kwa pool. Nilipopata akili ndevu zake zilikuwa na mvi tayari, ila ukimtaja popote ufukweni, toka mpakani Horohoro mpaka Pangani, wacheza pool walivua kofia. Aliwahi kwenda Dar es Salaam akarudi na kombe la ubingwa, zito, linang'aa, lina mikono miwili. Bibi akakataa lisiingie ndani. Likakaa uani, na kuku wetu wakawa wananywea maji humo. Nadhani hakujapata kuwa na kuku wenye hadhi kama wale mjini Tanga.

Msicheke sana, kwa Bibi jambo lile halikuwa mzaha. Ami alipokuwa kijana alicheza kwa dau. Akashinda, akashindwa, akashinda, kama ilivyo kamari, mpaka siku moja akaipoteza mezani baiskeli aliyoachiwa na marehemu baba yake. Bibi alikuwa bado yumo kwenye eda. Akasimama mlangoni na nguo zake nyeupe akaapa kwa jina la Mungu kwamba jicho lake halitaitazama meza ya pool, na kinywa chake hakitaonja kitu kitokacho mkononi mwa Salehe. Hayo nilihadithiwa. Nilichokiona kwa macho yangu ni mavuno ya kiapo kile. Ami akileta samaki, Bibi aliwapa majirani. Akileta mchele, ulipikwa ukaliwa na mimi na wageni, Bibi akajichemshia muhogo wake. Hawakugombana. Ami alimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye aliitikia marahaba kwa sauti nzuri kabisa. Lakini mkono wake wa kupokea haukunyooka.

Ami aliiacha kamari zamani, kabla mimi sijazaliwa. Alimwambia Bibi hivyo, na majirani wakamwambia. Bibi alijibu jibu lile lile: "Mie sijui. Maziwa yakishaingia maji, nani awezaye kuyatenga?"

Sasa, mtaani kwetu alikuwepo Mama Eliza, Mbondei wa Muheza, Mlutheri, muuguzi wa wodi ya wazazi. Alikuja kutengenezewa baiskeli, na wakati akingoja alilalamika kwamba wako akina mama wanaofika kujifungua hawana hata kipande cha sabuni, wala khanga ya kumfunika mtoto. Ami alikuwa ameinama anaziba pancha. Akasema, "Mama Eliza, mie pesa sina. Nina fimbo tu ya kuchezea."

Ndivyo yalivyoanza maonyesho yake. Aliazimwa meza na rafiki yake mwenye lori la kenta, wakawa wanaipakia na kuitembeza vijijini. Ilichezwa mchana, nje, hadharani, bila pombe na bila dau. Kiingilio kilikuwa sabuni ya mche au khanga, basi. Watu walijaa, maana Ami alikuwa na vitu: aliupitisha mpira mweupe chini ya kikombe cha kahawa kilichoegeshwa kwenye vijiti viwili, aliangusha mipira miwili kwa pigo moja, alicheza amefumba macho. Mara moja mwanamume mmoja alichomoa khanga ya mkewe kabatini akaja nayo kama kiingilio. Mke akatokea, akaiona juu ya rundo, sote tukajua leo kuna vita. Yule mama aliitazama khanga, akamtazama mumewe, akarudi kwake, akaleta kipande cha pili akakitupia juu. "Doti haitenganishwi," akasema, kisha akamshika mume mkono wakaenda kuzungumza nyumbani. Tangu hapo Ami akaitwa Ami Sabuni, na jina akalipenda kuliko ubingwa.

Mimi nilikuwa mtoto wa nyumba mbili zilizo chini ya paa moja. Nilimpenda Ami, nikampenda Bibi, na kila jioni sahani ilipotengwa roho iliniuma. Nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: siku moja Bibi ale kitu cha Ami. Nilijaribu hila za kitoto. Nilimletea Bibi chungwa nikadai nimepewa na jirani. Akaninusa vidole, akasikia grisi ya baiskeli. "Mjukuu wangu," akasema, "uwongo haukukai. Kalile mwenyewe."

Basi ikawa siku Ami ana maonyesho kijijini Tongoni. Yeye na mwenye kenta walitangulia jana yake, wakaishusha meza kwenye kiwanja mbele ya nyumba ya Mzee Kombo, kwa kuwa hapo ndipo penye ardhi tambarare. Meza ile ilikuwa na bamba la jiwe, kuibeba ni shughuli ya wanaume wengi. Wakaisimamisha, wakaweka vifuu vya nazi chini ya miguu mpaka maji kwenye kisahani yakatulia katikati. Alfajiri, binti yake Mzee Kombo akafariki kwa uzazi. Mtoto akapona.

Binti huyo alikuwa damu ya Bibi, mjukuu wa binamu yake. Habari zilipofika Ngamiani Bibi hakuuliza nani mwingine yuko huko. Msiba hauna kususa. Alivaa buibui, akanishika mkono, tukapanda basi. Tulifika maziko yamekwisha. Wanaume wamekaa nje kwenye mikeka na kahawa, wanawake ndani, na pale kiwanjani, mbele ya nyumba ya msiba, imesimama meza ya pool imefunikwa turubai. Bibi alijifunika uso kwa ukaya wa buibui, akapita upande upande kama kaa, akaingia ndani, akakaa amelipa dirisha mgongo.

Nje kulikuwa na aibu kubwa. Watu walikuwa wametoka vijiji vya mbali na sabuni zao kwapani, hawakujua warudi au wakae. Ami alikuwa amekaa mkekani kama mfiwa mwingine, ameinamisha kichwa, ameshamwambia mwenye kenta wasubiri wanaume wapumzike ndipo waipakie. Mzee Kombo mwenyewe ndiye aliyenyanyuka. Sauti yake tuliisikia sote mle ndani.

"Salehe, funua meza yako ucheze. Mwanangu kaondoka akizaa, na wenziwe wangali na mimba zao. Sabuni hizo zataka zifike. Ila nawaomba, msipige makofi. Hapa pana msiba."

Wanawake mle ndani walilia upya. Kisha tukasikia turubai likivutwa.

Nimeona mechi nyingi maishani, za mpira na za pool, lakini sijapata kuona watu wengi vile wakitazama mchezo bila sauti. Hakuna aliyesema aah. Hakuna aliyepiga mluzi. Zilisikika nyayo za Ami akizunguka meza, kisha ko, kisha mpira ukianguka. Bibi alikuwa anavuta tasbihi. Nikaona tasbihi inakwenda na mipira: mpira ukianguka, ushanga unasogea.

Akaniita kwa kidole. "Hebu nenda dirishani uniambie."

Nikasimama kwa ncha za vidole. "Ni Ami, Bibi. Anacheza."

"Najua acheza. Kuna mtu kaweka dau?"

"Hakuna. Kuna sabuni chungu nzima, na khanga."

"Wanywa nini?"

"Kahawa ya msiba."

Akatega sikio. Ko. "Kaangusha?"

"Kaangusha."

Tukaenda hivyo, mimi dirishani na yeye mkekani. Mambo ya kikombe na kufumba macho Ami hakuyafanya hata moja siku ile. Alicheza mpira mmoja mmoja, taratibu, na alipomaliza kupiga alingoja mpaka mlio uishe ndipo atembee. Nilikasirika kidogo, maana nilitaka Bibi asikie maajabu nimhadithie. Kisha akakosa. Akapanga tena, akakosa tena. Ko, halafu hakuna kitu. Watu walitazama chini kwa kumstahi. Ami alifuta jasho, akaipaka fimbo chaki upya.

Bibi hakugeuka. Alikuwa ameufumba mkono juu ya tasbihi. "Kapandisha bega huyo," akasema, kama anayejisemea. "La kushoto. Tangu mdogo akibeba ndoo ya maji na moyo wake una jambo, bega lile hupanda juu." Akanitazama. "Nenda ukamwambie ashushe bega."

Nikatoka mbio, nikapenya kwenye miguu ya wanaume wale mpaka mezani. Nikamvuta Ami kanzu. "Bibi kasema ushushe bega."

Ami alinitazama kama nimesema kwa lugha asiyoijua. Akauliza kwa kunong'ona, "Kasema nani?"

"Bibi. La kushoto."

Alisimama. Kisha akalishusha bega, akainama, akapiga. Mpira mweusi ulikwenda polepole mpaka nikadhani utaishiwa njiani, ukafika kwenye mdomo wa shimo, ukaanguka. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee Kombo peke yake alisema, "Mungu akulipe," akachukua khanga mpya kwenye lile rundo, akaingia ndani, akatoka na mjukuu wake amefungwa humo.

Alasiri ile hakukuwa na basi la kurudi, ikabidi Bibi apande kenta. Alikaa mbele na mimi, shingo imenyooka, hakugeuka hata mara moja kuutazama mzigo uliokuwa nyuma yake. Njiani dereva alisimama penye wauza madafu. Ami akashuka nyuma, akanunua, akaja dirishani kwetu na madafu mawili yaliyokatwa. Kama kawaida yake alinipa mimi yote mawili, kwa sababu kwa miaka mingi hakuthubutu kunyoosha mkono upande wa pili. Bibi akasema, "Salehe. La kwangu nipe mwenyewe."

Ami alilichukua dafu mkononi mwangu, akampa. Bibi alisema bismillahi, akanywa hadi tone la mwisho. Kisha akamrudishia. "Lipasue, nile na nyama."

Mimi nilidhani alikuwa na kiu. Kutwa nzima ya msiba, jua kali, nani asingekuwa na kiu? Ami alikwenda nyuma ya gari kulipasua, akakaa huko sana, dereva akaanza kupiga honi. Bibi akamkemea: "Mwache mwanangu." Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita hivyo kabla ya siku ile. Kwangu alikuwa akimwita "ami yako."

Kesho yake Bibi alifunga. Haikuwa Ramadhani wala Alhamisi yake ya sunna, nami nikamuuliza kulikoni. Akasema mambo ya wakubwa hayo. Akafunga na siku ya pili, na ya tatu. Ilikuwa miaka mingi baadaye, nimekuwa mtu mzima na Bibi yuko kaburini na Ami yuko pembeni yake, nilipokuwa nimekaa darasani kwa mwalimu wa wanawake akatufundisha kafara ya anayevunja kiapo: awalishe masikini kumi au awavishe, na asiyeweza afunge siku tatu. Wenzangu waliuliza maswali. Mimi niliaga nikasema kichwa kinaniuma, nikaenda kulilia njiani. Ningetoa chochote nirudishwe siku moja tu kati ya zile tatu, niwatazame vizuri.

Kwa sababu nilikuwapo, jamani, na sikuona kitu. Magharibi ilipoadhiniwa, Ami aliingia toka uani amenawa grisi mpaka viwiko, amebeba futari aliyoipika mwenyewe: uji wa pilipili manga, na tambi za nazi zilizoungulia kidogo chini. Aliiweka mkekani, akampa Bibi tende kwa mkono wake, Bibi akafungulia ile. Mimi nilikuwa kati yao na kijiko, nimeshiba hadi kooni, nikimwomba Mungu Bibi aendelee kufunga, ili tambi zisiishe.