Paka wa Mkwe Wangu Hakoromi

Wasomaji, nichekeni tu, nimejitakia. Mkwe wangu aliniletea paka. Miezi mitatu namlisha dagaa, nampapasa mgongo, hakoromi hata siku moja! Paka wa jirani anakoroma kama mashine ya kusaga. Nikasema huyu ana maringo na roho mbaya, kama aliyenipa. Jumapili nikamtia kikapuni, kutoka Temeke hadi Segerea, nikamkuta mkwe na wageni wake sebuleni.

“Chukua paka wako! Kula anajua, shukrani hana. Hajawahi kunikoromea!”

“Shikamoo, mama,” akasema taratibu, akampakata. “Mbona anakoroma?”

“Unanifanya mjinga?”

Akaushika mkono wangu, akauweka kooni kwa paka. Koo likatetemeka vidoleni mwangu kama simu iliyozimwa mlio.

“Aa, kumbe huyu anakoroma ndani kwa ndani,” nikasema kwa kiburi. “Paka wa hivyo nani atamsikia?”

Wageni wakatazama chini. Bibi mmoja aliyenizidi umri, amekaa kule mlangoni, ndiye aliyenijibu.

“Mie namsikia toka huku, mwanangu.”