Mama Aliyekataa Kupigishwa Magoti Jukwaani

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumanne asubuhi kwa simu, na kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa umeshagundua kwamba ulimpenda. Kwa miaka mingi mama yule, fundi cherehani wa mtaa wa Gerezani aliyeacha nguo za watu mezani kila aliposikia mjane anafukuzwa nyumbani, tulimwita mchonganishi, mvunja ndoa, mwanamke asiye na haya. Jumanne hiyo akawa “mama yetu sote”. Kufa kuna faida zake, msomaji wangu: maiti haikatizi hotuba ya mtu.

Nilimfahamu nikiwa mwandishi kijana, nilipotumwa Kariakoo kuandika kile mhariri alichokiita ugomvi wa kifamilia. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: mume amefariki, mjane yumo ndani anakaa eda, na mashemeji, kwa huruma zao, wamemletea lori la kumsaidia kuhama. Nilimkuta mama yule ameketi mlangoni juu ya kigoda, mwili wake umejaza kizingiti chote, anakunywa chai ya tangawizi. “Shikamoo mama, tupishe kidogo,” alisema shemeji mkubwa, kwa adabu ya mtu anayepora mchana kweupe. “Marahaba, mwanangu. Mnatoa vitu? Basi anzeni na mimi.” Wanaume wanne walimtazama, wakatazamana, wakapima uzito. Hakuna aliyejitolea. Alikaa pale mpaka mjumbe wa mtaa akafika, na lori likaondoka tupu. Mjane yule hadi leo anaishi katika nyumba ile. Nami, kwa weledi wangu wote, nikarudi ofisini nikaandika: “Mama mkorofi azuia lori Kariakoo.” Nilipongezwa sana.

Mwaka juzi kikundi kimoja cha sanaa kikatunga mchezo wa kuigiza juu ya maisha yake, ukaonyeshwa alasiri moja katika ukumbi wa jirani na Mnazi Mmoja. Viti vya mbele vilikuwa vya wageni waalikwa. Mwenye maisha yenyewe aliketi nyuma kabisa, kando yangu, kwa sababu jina lake halikuwamo kwenye orodha. Ilipofika sehemu ya lori, binti aliyemwigiza alipiga magoti mbele ya mashemeji, akalia, akawasihi. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba hapo ndipo mheshimiwa mmoja mwenye suti angetokea kuokoa nyumba. Hakuwahi kuingia jukwaani. “Mwanangu, simama,” mama aliita kutoka nyuma. “Mimi sikupiga magoti.” Binti akaduwaa, kisha akauliza, “Nisemeje basi, mama?” “Waambie waanze na wewe.” Binti akasimama, akafuta machozi, akayasema yale maneno, na shemeji wa kuigiza akasahau ya kwake, akarudi nyuma kwelikweli. Vigelegele vilitoka safu za nyuma. Wa safu za mbele walikuwa wakisoma ratiba.

Mwongozaji alimfuata mlangoni. “Mama, umetuharibia mchezo.” “Nimeharibu uongo tu, baba. Mchezo wenu uko mzima kabisa.” Katika onyesho lililofuata magoti yalirudishwa, maana jamii, tulielezwa, bado haijawa tayari. Binti akakataa kuyapiga, akatafutwa mwingine mwenye magoti yanayokunjika.

Makaburini wanaume tulijaa. Mmoja baada ya mwingine walisimulia jinsi marehemu alivyokuwa mpole, mnyenyekevu na mvumilivu, mpaka nikapata wasiwasi kwamba tumekosea jeneza. Tuliporudi msibani nilimkuta yule binti aliyekataa magoti uani na wanawake wenzake, wanachambua mchele. Nikamwambia, kwa ile sauti tunayoihifadhi kwa shughuli hizi, kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika.

“Pengo gani, mzee?” alinijibu bila kuinua macho kwenye ungo. “Jumatatu kuna mjane anatolewa Buguruni. Tunaenda watu kumi na wawili. Wewe unakuja, au unasubiri na sisi tufe utuandike?”

Tumezoea kuwasubiri wapigania haki walale ndipo sisi tusimame, tuwasifu kwa upole ambao hawakuwa nao na tuwasamehe ukali uliotufaa. Kumbe anayemheshimu mtu wa namna ile hana haja ya ufasaha. Ana haja ya miguu. Jumatatu nilikwenda Buguruni. Tulikuwa kumi na watatu.