Ndege ya Iringa ni Saa Moja

Kaka yangu alipita kwangu, mtaa wa Soweto, siku ya Jumatatu, mchana, nikiwa napembua mchele. Mama yetu alikuwa amelazwa hospitalini Iringa na hali ilikuwa mbaya. Alikuwa akituulizia sisi wawili, watoto wake pekee. Kaka hata kiti hakukalia.

"Jiandae, mdogo wangu. Nimepata tiketi mbili. Ndege ya Iringa ni saa moja," akasema, akaondoka.

Nilielewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa. Saa moja jioni haiwezekani, maana miaka ile uwanja wa Iringa haukuwa na taa, na giza likiingia hapatui kitu. Basi ni saa moja asubuhi, kesho yake. Nikafua kanga, nikafunga ndizi mbivu za Tukuyu alizozipenda mama, nikalala mapema.

Nilifika uwanjani jua halijachomoza. Karani alinitazama kwa huruma.

"Mama, ya Iringa iliruka jana saa tisa mchana. Hiyo saa moja ni mwendo wake, kutoka hapa mpaka kule."

Nikamuuliza kama kaka yangu naye aliachwa. Akapekua daftari. "Alipanda. Yeye na mke wake."

Kiti changu alikikalia wifi yangu, ambaye hakuwahi kumkorogea mama hata uji. Sikulia. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba.

Nikapanda basi. Njia ambayo ndege huimaliza watu wakiwa bado wanasalimiana, basi liliila mchana kutwa. Igawa tulisimama muda mrefu, dereva akila wali kwa kuku utadhani kaalikwa harusini. Kuanzia Makambako nilimtukana kaka kimoyomoyo kwa Kihehe, maana Kiswahili hakikunitosha.

Nilifika hospitalini saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa amekata roho saa sita mchana.

Kaka alikuwa amesimama nje ya wodi. "Sikukudanganya," akasema hata kabla sijamsalimu. "Nilikwambia ndege ni saa moja, na kweli ni saa moja." Alisema kama mtoto aliyekaririshwa, macho chini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wangu, hata shati alilovaa siku ile nilimshonea mwenyewe.

Hicho kiti ningemsamehe. Wifi naye ni mkwe, ana haki ya kumuaga mama mkwe wake. Nilijiambia hivyo huku moyo unaniuma, nikaingia ndani kusaidia kumwosha mama.

Tulikuwa wawili, mimi na mama mdogo, mdogo wake marehemu, aliyemuuguza tangu mwanzo. Alikuwa akikamua kitambaa. Akaniuliza polepole, bila ukali, "Mwanangu, hasira gani hiyo ya kumnyima mama yako uso wako?"

Nikamwambia sielewi anachosema.

"Tangu jana alikuwa anatazama mlangoni. Anauliza, yuko wapi mwanangu wa kike. Kaka yako akamwambia tiketi yako alikuwa nayo, ila wewe umekataa kuja."

Nilishika ukingo wa kitanda. Nikamuuliza mama alijibu nini.

"Aliacha kutazama mlangoni," akasema mama mdogo. "Halafu akasema, basi mwacheni. Labda nilimkosea."